Majani Kilo Mbili

Nyuma ya bweni letu kuna duka la chai. Mwenye duka ni mama wa makamo ambaye kila asubuhi huchemsha sufuria kubwa ya chai nyeusi, akatia vijiti vya mdalasini na asali, akaiuza kwa vikombe vya karatasi kwa wanafunzi wanaokimbilia darasani. Wenzangu hupita pale bila hata kugeuza shingo. Mimi nikipita, miguu inagoma. Harufu ile ikinifika puani najikuta nina miaka kumi na miwili, nimefungiwa ndani ya nyumba ya ghorofa ya saba, hapa hapa Guangzhou, China, pamoja na baba na mama waliokuwa hawasemezani na robota thelathini za vitambaa. Nikae nikusimulie, maana kuna uongo niliousema katika nyumba ile, na hadi mwezi uliopita nilikuwa nikiamini kwamba ulifaulu.

Tulikuja huku nikiwa na miaka mitano. Baba, mtoto wa Dar es Salaam asiyeishiwa mipango, alimwambia mama kwamba tunakuja kwa miaka miwili tu: tununue vitambaa, tusafirishe, tutafute mtaji, turudi tukafungue duka letu. Mama ni mtu wa Tanga, na watu wa kwao ukiwaambia miwili wanahesabu miwili. Ilipopita miwili akauliza, baba akasema mwakani. Ukapita mwaka, akauliza tena, na jibu likawa lile lile. Tulipofikisha miaka saba, neno "mwakani" lilikuwa limekwisha utamu nyumbani kwetu kiasi kwamba hata mwalimu akilitaja darasani mimi nilikuwa nainamisha kichwa.

Kuna siku walikorofishana kwa sababu ya neno hilo, na safari hii mama hakupaza sauti. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Kesho yake nikitafuta soksi zangu chini ya kitanda nikakuta sanduku lake limefungwa, na kwenye mfuko wa pembeni kulikuwa na tiketi ya ndege. Nikaisoma mara mbili. Abiria alikuwa mmoja, na jina lililoandikwa lilikuwa la mama. Mimi ningebaki na baba nimalize mwaka wa shule, nilielewa hivyo bila kuambiwa, na nilielewa pia kwamba mtu aliyechoka namna ile akishaondoka harudi.

Siku iliyofuata tukafungiwa. Mtu wa ghorofa ya nne alikutwa na ule ugonjwa uliokuwa ukiisumbua dunia nzima, na jengo lote likaambiwa likae ndani siku kumi na nne. Akaja dada mmoja wa ofisi ya mtaa, jina lake Lin, amevaa magwanda meupe kuanzia utosini hadi kwenye viatu, akabandika kwenye mlango wetu kidude cheupe chenye ukubwa wa kiberiti. Mlango ukifunguliwa bila yeye kupiga simu kwanza, simu yake inalia. Alituambia kwamba atakayefungua ovyo anaweza kuhesabiwa siku upya. Mimi ndiye niliyetafsiri, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma shule za huku. Baba na mama walikuwa na Kichina cha sokoni: namba zote, laoban kwa maana ya bosi, mei you kwa maana ya hakuna, na maneno mengine machache waliyoyaokota kule soko la vitambaa la Zhongda wakifuatilia mizigo iliyocheleweshwa.

Mama alihesabu kwa vidole. Ndege yake ilikuwa siku ya kumi na tano.

Sijui kama umewahi kukaa ndani ya nyumba ambayo pia ni stoo. Robota zilipangwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na zilinuka rangi mpya na mafuta ya mashine mpaka uji wangu wa asubuhi ukawa na ladha ya shuka. Kutoka jikoni hadi dirishani ni hatua kumi na moja. Dirisha lenyewe lilikuwa na nondo, kama madirisha yote ya jengo lile, na mtu ukitia pua katikati ya nondo mbili unapata hewa kidogo na kuona kamba za nguo za majirani. Chini, barabara ya Xiaobei ambayo kwa kawaida haina pa kutia mguu, ilikuwa imekauka. Nilikuwa nachora mistari kwa penseli nyuma ya jokofu, mstari kwa siku, na kila nikichora nalia. Nilimwambia mama nitapata wazimu. Nilimwambia baba nitaruka, naye akanionyesha nondo akaniuliza nitapitishia wapi kichwa kile.

Baba alilala sebuleni juu ya robota, mama alilala na mimi, na katikati yao mimi ndiye niliyekuwa posta. "Mwambie baba yako chakula kipo mezani." "Mwambie mama yako nashukuru." Walikuwa wanaonana vizuri tu, hatua tatu kutoka huyu hadi yule, lakini ujumbe lazima upitie kwangu. Nikichelewa kuufikisha, baba ananitazama tu, anangoja, ilhali masikio yake hayana tatizo lolote. Mpaka siku ya sita nilikuwa nimeshapunguza maneno, nikawa nasema "Chakula" na "Asante" na kurudi zangu dirishani.

Siku ya kumi mama akanisimamisha mlangoni mwa jikoni. Alikuwa ameshika paketi ya karafuu. "Mwambie baba yako aniagizie majani," alisema. "Kilo mbili."

Moyo ukanishuka, na ili ujue kwa nini, inabidi nirudi nyuma kidogo. Bibi yangu mzaa mama, alipokuwa msichana, alikuwa mpishi katika shamba la mkonge la Mgiriki mmoja karibu na Muheza. Mke wa yule Mgiriki ndiye aliyemfundisha kutengeneza baklava: tabaka juu ya tabaka za unga mwembamba kuliko karatasi, katikati kokwa zilizopondwa, juu siagi, mwisho shira. Zile tabaka yule mama aliziita kwa neno la kwao, akamweleza bibi kwamba maana yake ni jani. Bibi akaona hana sababu ya kujivunja ulimi, akaziita majani, na kwa ukoo wa mama zimekuwa majani mpaka leo. Wagiriki wale walipofunga virago kurudi kwao, yule mama alioka trei ya mwisho akawagawia wapishi na wakata mkonge wote, akaondoka. Bibi akaichukulia hiyo kuwa ndiyo desturi ya kitu chenyewe. Tangu hapo, kwao, baklava haikuwa ya sikukuu wala ya wageni. Ilikuwa ya mtu anayehama moja kwa moja. Mama aliioka wiki tuliyotoka Tanga. Aliioka alipoondoka rafiki yake wa ghorofa ya tatu, akarudi Zanzibar. Sasa alikuwa amesimama jikoni na karafuu mkononi.

Nilitembea zile hatua hadi sebuleni. "Mama anataka majani," nikasema. "Kilo mbili."

"Kilo mbili?" Baba aliinua kichwa kutoka kwenye simu. "Anafungua mgahawa?"

Kwa baba, kama kwa watu wengi tu waliozaliwa na akili zao, majani ni majani ya chai. Akaingia kwenye duka la simuni akachagua kwa kuangalia picha. Nilikuwa nyuma ya bega lake. Zile herufi za Kichina yeye hakuweza kuzisoma, mimi niliweza: chai nyeusi, daraja la kwanza, paketi nne za nusu kilo. Kule mjini yako maduka ya Waarabu yanayouza tabaka za baklava tayari, zimegandishwa kwenye boksi, na mama alikuwa anajua hivyo, na mimi nilikuwa najua kwamba anajua. Ningesema neno moja tu. Badala yake nikarudi dirishani nikaweka pua katikati ya nondo. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa rahisi: bila majani hakuna baklava, na bila baklava haagi mtu.

Kesho yake Lin akapiga simu, tukafungua mlango, mzigo ukaingia. Mama akachukua kisu akapasua boksi. Alitoa paketi ya kwanza, akaigeuza. Akatoa ya pili. Akafungua moja akanusa.

"Rehema," akaniita. "Hiki nini?"

"Majani."

Kutoka sebuleni ikaja sauti ya baba, ya mtu mwenye haki: "Mwambie mama yako nimeagiza alichoagiza!"

Mama alisimama na zile paketi kifuani kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshike. Midomo ikaanza kumtetemeka nikadhani analia. Kumbe ni kicheko. Kilianzia tumboni, kikapanda, akashindwa kusimama, akaenda kuketi juu ya robota sebuleni huku machozi yakimtoka. "Baba Rehema," akasema, na hayo yalikuwa maneno ya kwanza aliyomwambia yeye mwenyewe tangu siku walipogombana, "sasa mimi nikaoke chai?"

Baba alipoelewa naye akacheka, cheko lake la Kariakoo ambalo jirani wa ghorofa ya tisa angelisikia. "Mama Rehema, mwenzako ningejuaje? Kwenu hata mkate mnauita mti!"

Nikacheka na mimi, kwa kufurahi na kwa kuona nimepona. Nilipona kwa dakika mbili. Mama alijifuta macho kwa ncha ya khanga akainuka. "Basi," alisema, "tutayafanya kwa mkono. Unga upo."

Sijawahi kuuchukia unga namna ile.

Siku ya kumi na mbili aliondoa kila kitu juu ya ile meza kubwa ya kukunjia vitambaa, akatandika kipande cha pamba chenye maua mekundu, sampuli ya Zhongda. Tangu alfajiri alikuwa ameshakanda donge: unga, maji ya vuguvugu, mafuta, chumvi na siki kifuniko kimoja. Alilipiga mezani mpaka likawa laini kama ndewe ya sikio, akaligawa matonge, akayafunika kwa taulo bichi. Tonge la kwanza alilisukuma kwa mpini wa ufagio uliooshwa kwa maji ya moto, maana fimbo yenyewe ya kusukumia, nyembamba na ndefu, ilibaki Tanga kwa bibi. Kisha akaingiza mikono yote miwili chini yake, ngumi zimegeuzwa juu, akaanza kulivuta.

Likachanika. La pili likachanika. Mimi nilishika upande wa pili wa la tatu, lakini mikono yangu ilikuwa mifupi, na, nikiri hapa kwako, sikulishika kwa moyo. Likachanika katikati na kutoa tundu la kupita kichwa. Mama hakunigombeza. Alitazama lile tundu, akatazama sebuleni.

"Baba Rehema," akaita. "Njoo ushike huku. Kucha umekata?"

Baba alikuja akinyoosha vidole vyake mbele kama mwanafunzi anayekaguliwa. Akavuliwa saa na pete, akaambiwa anawe hadi kwenye viwiko. Wakasimama mama upande huu, baba upande ule, tonge likiwa juu ya migongo ya mikono yao minne, wakaanza kuizunguka meza polepole.

"Vuta," mama alisema. "Si kwa vidole. Kwa mgongo wa mkono."

"Hivi?"

"Taratibu. Subiri na mimi nifike."

Niliwatazama nikiwa juu ya robota. Lile tonge lilikua. Likawa kubwa kama sahani, likawa kama sinia, likafika ukingo wa meza na kuanza kuning'inia, na kadiri lilivyokonda ndivyo yale maua mekundu ya kitambaa yalivyoanza kuonekana kupitia ndani yake, kwanza kivuli, halafu ua zima na majani yake. Hakuna aliyepumua kwa nguvu. Huwezi kuvuta kitu kile na huku una hasira na mwenzako, nadhani, kwa sababu mmoja akivuta kabla ya mwingine hajawa tayari, kinachanika.

Waliyafanya mengi namna ile, wakiyakata kwa kipimo cha trei na kuyapanga: majani mawili, siagi, majani mawili, siagi, halafu kokwa. Lozi zilikuwepo, na zile jozi za Kichina zenye makunyanzi, nilizipondaponda kwa chupa ndani ya mfuko. Ilikuwa kwenye jani la saba au la nane baba aliposema, macho yake yakiwa kwenye unga, "Unadhani mimi sipendi kurudi?"

Mama alizunguka hatua moja. "Sijui. Hujawahi kusema."

"Nitarudi na nini? Miaka saba China. Watu watauliza duka liko wapi. Niwaambie nini?"

"Waambie umerudi," mama alisema. "Vuta, linalegea kwako."

Baba akavuta. Wakaizunguka meza tena. Nilitamani kushuka kwenye ile robota nimtikise aseme kitu, chochote, isipokuwa neno lile moja.

Trei ikaingia kwenye ile oveni ndogo ya umeme ambayo mama alikuwa akiokea keki za oda. Alikuwa ameikata vipande vya mshazari na kuchomeka karafuu moja katikati ya kila kipande. Ukabaki mjadala wa shira. Mama alipima sukari na asali, akachukua maji, kisha akazitazama zile paketi nne za chai. "Hizi tutazipeleka wapi?" akasema, akachemsha chai nzito nyeusi, akaichuja, akaitumia hiyo badala ya maji, na vijiti viwili vya mdalasini juu yake. Bibi angezimia. Shira iliyopoa ikamwagwa kwenye trei ya moto, ikalia kwa sauti ndefu, na ile harufu ikapanda ikafunika rangi na mafuta ya mashine. Kwa mara ya kwanza katika siku kumi na mbili nyumba ile ilinuka nyumba.

Nikanyoosha mkono, mama akaupiga. "Hailiwi leo. Inalala na shira yake, inaliwa kesho."

Kesho ilikuwa siku ya kumi na tatu. Mchana, baada ya chakula, baba alikuwa akiwaandikia wateja kwenye simu, mama alikuwa chumbani, na nilisikia zipu ya sanduku ikifunguliwa na kufungwa. Nikachukua sahani. Nikapakua vipande sita, nikaenda mlangoni. Mkononi nilikuwa na kisingizio kizuri: popo, neno la Kichina la bibi, yaani yule mzee wa mlango wa pili aliyekuwa akinipa machungwa kila mwaka mpya wao, na desturi ya baklava ni kugawa. Lakini sikuwa na shida na popo. Nilikuwa nakitazama kile kidude cheupe. Mimi niliyelia siku kumi na tatu nitoke, niliyechora mistari nyuma ya jokofu, nilishika komeo ili tufungiwe upya. Nikafungua mlango wazi kabisa, nikaenda kuweka sahani kizingitini kwa popo, nikarudi nikasimama katikati ya mlango, nikangoja.

Simu ya baba ikaita, ni Lin, kabla hata sijahesabu kumi. Dakika tano baadaye Lin alikuwa amefika ngazini kwetu, anahema ndani ya magwanda yake, baba na mama wamesimama nyuma yangu. Aliongea kwa nguvu kwa sababu ya barakoa, akinionyeshea kidole, kisha akaiona ile sahani na sauti ikalegea. Alisema: siku kumi na nne zenu zinaisha kesho. Kesho asubuhi nakuja kufungua. Mtoto mdogo kupeleka pipi si kosa, ila asirudie, mngoje kesho.

"Anasemaje?" baba aliuliza.

Nilijua wanajua namba. Kumi na nne walikuwa wameisikia, na hiyo ndiyo niliyoishika. "Anasema kumi na nne," nikasema. "Anasema tumevunja sheria. Tunaanza upya. Siku kumi na nne nyingine."

Sikuwatazama. Nilitazama viatu vya Lin. Nyuma yangu kukawa kimya, kirefu kuliko nilivyotegemea, na nilingoja mama apige kelele au alie, au akimbilie simu ya watu wa ndege. Badala yake nikasikia anavuta pumzi. Lin akatupungia mkono akashuka ngazi.

"Haya," mama alisema. "Funga mlango."

Tukaenda mezani. Baba akapakua baklava, mama akamimina chai, ambayo namshukuru Mungu tulikuwa nayo ya kutosha. Majani yale yalikatika mdomoni kwa mlio mdogo, kisha shira ikafuata na uchungu mdogo wa chai nyuma yake. Mama alinipa kipande cha pembeni, kile kilichokunywa shira kuliko vyote.

"Kumi na nne nyingine," baba alisema, akitikisa kichwa. "Sio, Rehema?"

"Ndiyo, baba."

"Basi na ndege itaniacha," mama alisema.

Baba aliweka kikombe chini. Nikafumba macho, maana nilijua neno linalokuja. "Ikuache," alisema. "Unataka tarehe gani?"

Mama alimtazama. "Rehema akimaliza mitihani."

Baba akanyanyuka, akachukua ile kalamu nene ya kuandikia robota, akavuta paketi tupu ya chai akaandika juu yake kwa herufi kubwa, vile anavyoandika mizigo inayokwenda bandarini: MWEZI WA SABA. WATU WATATU. Akaibandika ukutani kwa gundi ya maboksi.

Asubuhi Lin alikuja akakibandua kile kidude. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mama, nangoja kuumbuka. "Kumbe!" baba alishangaa, mikono kiunoni. "Wamebadilisha mawazo!" Mama akatikisa kichwa: "Hawa watu hawatabiriki." Nikashusha pumzi. Tukashuka ngazi zote saba tukasimama barabarani kwenye jua, watatu, hatujui pa kwenda. Siku ya kumi na tano ikaja, ndege ikaruka, na mama alikuwa jikoni anapika wali.

Hatukuondoka mwezi wa saba. Ndege zilikuwa za shida, tukaondoka wa kumi, lakini tuliondoka watatu, na mama akaoka tena trei mbili kwa ajili ya jengo zima. Duka lao liko Tanga sasa. Ni dogo, na baba huwaambia watu kwamba amerudi. Mimi nimerudi huku peke yangu kusoma.

Mwezi uliopita nilikwenda Zhongda kununua kitambaa cha pazia la dirisha langu. Mwenye duka akaniambia mingtian, yaani kesho. Nilipokwenda kesho yake akaniambia mingtian. Siku ya tatu pia. Jioni nikampigia mama kumlalamikia, akacheka mpaka akakohoa.

"Hilo ndilo neno la kwanza tulilojifunza Guangzhou," alisema. "Kabla ya hata salamu. Mimi na baba yako, mzigo wetu wa kwanza tuliambiwa mingtian wiki mbili. Ningeamshwa usingizini ningelitambua."

Nilikaa kitandani. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimezikumbuka namba tu. "Mama," nikasema, "siku ile ya Lin. Mlangoni."

"Enhe?"

"Ulilisikia?"

"Mwanangu, alilisema mara tatu."

"Na baba?"

"Baba yako ana masikio."

Nikamuuliza kwa nini hawakusema. Upande wa pili nikasikia pikipiki ikipita mbele ya duka lao.

"Ulikuwa umelia siku kumi na tatu utoke," mama alisema. "Halafu ukatufungia mwenyewe. Nikamtazama baba yako, naye akanitazama. Hapo ndipo nilipojua siendi."

Kisha akaniuliza kama nimekula.